Ukuta, Kiini na Utando: Karne Tatu na Nusu za Kuijua Seli

Mwanafunzi wa sekondari hukariri sentensi mbili mapema kabisa katika somo la baiolojia: kwamba kila kiumbe hai kimeundwa kwa seli, na kwamba kila seli hutoka katika seli iliyoitangulia. Hukariri kwa dakika moja. Lakini tangu mtu wa kwanza alipoiona seli mwaka 1665 hadi sentensi ya kwanza ilipotangazwa, ilipita miaka 174. Ya pili ikangoja miaka mingine 16, na haikupita bila ugomvi. Ucheleweshaji huo hautokani na upungufu wa akili. Kila zama ilikuwa na chombo chake, na kila chombo kilionyesha sehemu moja ya seli kikaificha nyingine. Tatizo ni kwamba wataalamu wa kila zama waliichukua sehemu waliyoonyeshwa wakaidhania kuwa ndiyo seli yenyewe.

Chanzo cha yote ni kioo. Mwanzoni mwa karne ya 11, mjini Cairo, Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliandika Kitab al-Manazir, kitabu kilichoeleza kwa majaribio jinsi nuru inavyosafiri, inavyopinda na inavyoingia machoni. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kilatini kikasomwa Ulaya kwa karne kadhaa. Kuelekea mwisho wa karne ya 13 mafundi wa Italia walikuwa wakitengeneza miwani, na mwanzoni mwa karne ya 17 mafundi wa Uholanzi na Italia walikwisha kupanga lenzi mbili ndani ya bomba moja. Bomba lililoelekezwa mbinguni likawa darubini. Lililoelekezwa chini, kwenye vidogo, likawa hadubini. La mbinguni ndilo lililopata umaarufu kwanza, maana lilikuwa na faida kwa mabaharia na kwa majeshi. Hadubini ilibaki kwa muda kuwa kitu cha kuwastaajabisha wageni.

Aliyeipa kazi ya maana ni Robert Hooke, mzaliwa wa kisiwa cha Wight, msimamizi wa majaribio wa Jumuiya ya Kifalme ya London. Mwaka 1665 alichapisha Micrographia, kitabu kikubwa chenye michoro ya kiroboto, chawa, ncha ya sindano na ukungu wa ngozi. Humo mna kipande cha kizibo. Hooke alinoa kisu kidogo kikawa na makali ya wembe, akachana utepe mwembamba sana wa kizibo, na kwa kuwa kizibo ni cheupe akauweka juu ya bamba jeusi, akaumulika kwa lenzi nene. Akaona vitundu vilivyopangana mithili ya sega la nyuki. Akavihesabu: vipatavyo 60 katika sehemu ya kumi na nane ya inchi, yaani zaidi ya 1,000 katika inchi moja, 1,166,400 katika inchi moja ya mraba, na 1,259,712,000 katika inchi moja ya ujazo. Mtu anayekokotoa hadi hapo hachezi. Swali lililomsukuma, hata hivyo, halikuwa la uhai. Alitaka kujua kwa nini kizibo ni chepesi, kwa nini hakinyonyi maji, na kwa nini hurudi umbo lake kikibonyezwa. Vyumba vile vidogo vilivyojaa hewa vikamjibu yote matatu kwa mkupuo. Kizibo ni gome lililokwisha kufa. Hooke aliona kuta za nyumba ambazo wenyewe walikwisha kuhama, na dhana ya kwamba seli ni ukuta ikadumu kwa takriban miaka mia mbili.

Wenye nyumba walionekana Delft, Uholanzi, na aliyewaona hakuwa mtu wa chuo. Antoni van Leeuwenhoek alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, na watu wa biashara hiyo walizoea kukagua nyuzi kwa lenzi. Yeye alisaga lenzi ndogo kupita kiasi, akaibana moja kati ya mabamba mawili ya chuma na kuisogeza hadi karibu igusane na jicho. Mojawapo ya vyombo vyake vilivyosalia hukuza kitu takriban mara 270, ilhali hadubini za lenzi mbili za wakati wake zilionyesha ukungu mtupu kabla hazijafika huko. Mwaka 1674 aliandika London kuhusu viumbe alivyoviona katika maji ya ziwa. Miaka miwili baadaye aliloweka pilipili manga akitaka kujua kwa nini inawasha ulimi. Chanzo cha ukali hakukipata, ila maji yale yalijaa viumbe vidogo mno, pengine bakteria wa kwanza kuonwa na binadamu. Jumuiya ya Kifalme ilisita kumwamini hadi Novemba 1677, Hooke aliporudia jaribio lile mbele ya wanachama, nao wakaviona. Baadaye Leeuwenhoek alikwangua utando wa meno akaukuta unatambaa. Lakini ufundi wake wa lenzi hakumfundisha mtu, na alipofariki mwaka 1723, akiwa na umri wa miaka 90, sehemu kubwa ya ufundi huo ilikwenda naye.

Karne ya 18 haina mengi ya kusimulia. Lenzi za kawaida hupinda kila rangi ya nuru kwa kiasi chake, kwa hiyo kila kilichokuzwa sana kilizungukwa na miviringo ya rangi, na ndani ya miviringo hiyo kila mtu aliona alichokitaka. Wasomi waangalifu waliiacha hadubini wakaenda kupanga mimea na wanyama kwa majina.

Kioo kilirekebishwa na mfanyabiashara mwingine, safari hii wa mvinyo. Mwaka 1830 Joseph Jackson Lister wa London, baba yake daktari Joseph Lister wa upasuaji safi, alichapisha kanuni za kuunganisha lenzi za aina mbalimbali za kioo ili kasoro ya moja iifute ya nyingine. Haikupita miaka mingi hadubini zikasafika. Novemba 1831, mbele ya Jumuiya ya Linnaeus ya London, Robert Brown, mtaalamu wa mimea kutoka Scotland, alieleza kwamba ndani ya kila seli ya ngozi ya majani ya okidi kuna doa moja la mviringo. Wengine walikwisha kuliona doa hilo hapa na pale. Brown ndiye aliyesema kwamba lipo kila mara, akalipa jina la kiini.

Kiini kikawa daraja kati ya mimea na wanyama. Mwaka 1838 Matthias Schleiden, mwanasheria wa Ujerumani aliyeiacha sheria akageukia botania, alitangaza kwamba mmea wote ni mkusanyiko wa seli. Kwa maelezo ya mwenzake Theodor Schwann, aliyechunguza tishu za wanyama, wawili hao walikuwa wakila pamoja Berlin, Schleiden akazungumzia viini vya mimea, na Schwann akakumbuka kwamba alikwisha kuona kitu cha namna ileile katika tishu za mgongo wa viluwiluwi. Waliondoka mezani wakaenda maabara kutazama. Kitabu cha Schwann cha mwaka 1839 kilipita juu ya tishu moja baada ya nyingine, gegedu, misuli, neva, manyoya, yai, kikionyesha kwamba zote ama ni seli ama ni zao la seli. Uhai wote, wa mbuyu na wa binadamu, ukapewa msingi mmoja. Hata hivyo mabwana hao walikosea jambo kubwa: waliamini kwamba seli mpya huganda kutoka katika ujiuji, jinsi chumvi inavyoganda maji ya bahari yakikauka.

Aliyelikosoa kosa hilo kwa subira hakupata sifa iliyomstahili. Robert Remak alikuwa Myahudi wa Posen, na katika Prussia ya wakati ule Myahudi asiyebatizwa hakupewa uprofesa kamili hata angekuwa nani. Akichunguza vijusi vya kuku, aliona seli za damu zikigawanyika mbili, kisha akafuatilia tishu nyingine hadi mwaka 1852 akawa na hakika: seli hazigandi popote, bali hugawanyika, kiini na utando wake pamoja. Miaka mitatu baadaye Rudolf Virchow, mwenye jina na mwenye kalamu kali, alitangaza msimamo huohuo kwa tamko fupi la Kilatini lililoenea duniani kote, na vitabu vingi vya shule vikamwandika yeye peke yake. Si kwamba Virchow hana lake. Mihadhara yake ya Berlin ya mwaka 1858 ilihamisha makao ya ugonjwa: tangu enzi za Wagiriki maradhi yalitafutwa katika uwiano wa maji ya mwili, naye akasema yatafutwe katika seli. Kila kipande cha uvimbe kinachopelekwa maabara leo ili kipimwe kama ni saratani kinafuata hoja hiyo. Mwaka 1861 Max Schultze naye akaiangusha dhana ya ukuta: seli, alisema, ni donge la protoplazimu lenye kiini, na ukuta si sharti. Mwaka huohuo Louis Pasteur alikuwa Paris akionyesha, kwa chupa za shingo zilizopindwa, kwamba mchuzi uliochemshwa hauzalishi vijidudu pasipo vijidudu kuingia. Kilichosemwa juu ya seli za mwili kikawa kweli kwa vijidudu pia: hakuna kisicho na mzazi.

Zama iliyofuata ni zama ya rangi. Seli hai karibu zote hupitisha nuru, na lenzi safi hazisaidii pale ambapo hakuna cha kutofautisha. Mwaka 1856 kijana wa miaka 18, William Perkin, alijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kutokana na lami ya makaa ya mawe. Kwinini hakuipata, alipata rangi ya zambarau, na nyuma yake kikazuka kiwanda kizima cha rangi za kemikali, hasa Ujerumani. Wataalamu wa hadubini walizijaribu moja moja wakakuta kwamba kila sehemu ya seli ina rangi inayoipenda. Walther Flemming wa Kiel alitia rangi seli za mabuu ya salamanda, mnyama mwenye umbo la mjusi ambaye seli zake ni kubwa isivyo kawaida, na kati ya 1879 na 1882 akachora hatua kwa hatua yanayotokea kiini kinapogawanyika: nyuzi hukazana, hujipanga katikati, hupasuka kwa urefu, kisha nusu ya kila uzi huvutwa upande wake. Mwaka 1888 nyuzi hizo zikaitwa kromosomu. Kwa upande mwingine, Ernst Abbe wa Jena alikwisha kuonya tangu 1873 kwamba nuru ina mpaka: vitu viwili vilivyo karibu kuliko takriban mikromita 0.2 huonekana kimoja, hata lenzi iwe bora namna gani. Na rangi nazo zilileta shaka zake. Camillo Golgi alipoona kwa madini ya fedha, mwaka 1898, kimia kilichojikunja ndani ya seli za neva, wenzake wengi walibishana kwa nusu karne kama kitu hicho kipo au kimeumbwa na dawa.

Wakati huo hadubini zilikuwa zikipakiwa melini kuja Afrika, ndani ya mizigo ya madola yaliyokuwa yakiligawana bara. Tarehe 6 Novemba 1880, mjini Constantine, Algeria, Alphonse Laveran aliona katika damu ya askari viumbe vikirusha vijimkia: vimelea vya malaria, seli moja inayoishi ndani ya seli nyekundu ya mwenyeji wake. Kando ya Ziwa Viktoria, malale iliyozuka Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, na kukadiriwa kuua zaidi ya watu 200,000, ilimleta Aldo Castellani Entebbe, akakikuta kimelea chake katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. David Bruce akathibitisha mwaka 1903 kwamba hubebwa na mbung'o. Na homa ya papasi, iliyojulikana vema na kila aliyelala katika nyumba za udongo za njia za misafara, ilichunguzwa Kongo na Everett Dutton na mwenzake John Todd. Wote wawili waliugua ugonjwa huo. Dutton alifariki Kasongo, katika nchi ya Manyema, Februari 1905. Vitabu vinamkumbuka kwa jina, na kwa haki. Wagonjwa ambao damu na uti wao wa mgongo vilitoa ugunduzi wote huu vinawataja kwa nadra sana.

Wanakemia nao walikuwa na njia yao ya kuijua seli, nayo ni kuivunja. Mjini Tübingen, mwaka 1869, Friedrich Miescher alisuuza usaha kutoka katika bendeji za hospitali, akatenga viini vya chembe nyeupe za damu, na ndani yake akapata dutu yenye fosforasi isiyofanana na protini. Hakujua kwamba ameshika DNA. Mwaka 1897 Eduard Buchner alisaga hamira hadi ikafa kabisa, akachuja majimaji yake, na majimaji hayo yakaendelea kuchachusha sukari. Kumbe kazi ya uhai hufanywa na vimeng'enya, hata nje ya seli. Na mwaka 1925, mjini Leiden, Gorter na Grendel waliyatoa mafuta ya seli nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji, yakaenea eneo mara mbili ya uso wa seli zenyewe. Wakahitimisha kwamba utando wa seli ni tabaka mbili za mafuta. Baadaye iligundulika kwamba walikosea vipimo viwili, na makosa hayo mawili yakafutana. Hitimisho lao limesimama hadi leo. Lakini katika zama hii ya wanakemia seli iligeuka kuwa mfuko wa supu, na mpangilio wake wa ndani ukasahauliwa.

Mpangilio ulirudi kwa njia ya elektroni. Ernst Ruska na Max Knoll walijenga Berlin, mwaka 1931, hadubini ya kwanza inayotumia elektroni badala ya nuru, na mpaka wa Abbe ukavukwa katika miaka michache. Mwaka 1945 Albert Claude, Keith Porter na Ernest Fullam wa New York walichapisha picha ya kwanza ya seli nzima iliyopigwa kwa chombo hicho. Katika muongo uliofuata mfuko wa supu ulijaa vyumba na njia. George Palade, mzaliwa wa Romania, alionyesha ribosomu, vijipunje vinavyounga protini. Yeye na wenzake wakaifuata safari ya protini katika kongosho: inaundwa kwenye ribosomu, inaingia katika mtandao wa vifereji, inapita katika kimia cha Golgi, ambacho hatimaye kilithibitika kuwapo kweli, kisha inafungwa ndani ya vifuko na kumwagwa nje. Christian de Duve akapata lisosomu, vifuko vyenye vimeng'enya vya kumeng'enya takataka za seli. Watatu hao, Claude, Palade na de Duve, walipata kwa pamoja Tuzo ya Nobel ya mwaka 1974. Tusisahau gharama yake: seli inayotazamwa kwa elektroni imekaushwa, imekatwa vipande vyembamba na kuwekwa pasipo hewa. Imekufa, kama kizibo cha Hooke.

Mitokondria ndizo zilizoonyesha kwamba umbo na kazi havitenganishiki. Ilijulikana kufikia mwaka 1949 kwamba humo ndimo chakula na oksijeni vinapobadilishwa kuwa nishati inayotumiwa na seli. Namna gani? Peter Mitchell, Mwingereza aliyekuja kujitenga katika maabara yake binafsi huko Cornwall, alipendekeza mwaka 1961 kwamba jibu lipo katika utando: protoni husukumwa upande mmoja wa utando wa ndani, na zinaporudi kupitia kimeng'enya maalumu nishati yake hutumika kuunda ATP, molekuli inayobeba nishati hiyo ya seli. Wengi walimkatalia, lakini mwaka 1978 alipewa Nobel peke yake. Lynn Margulis alipata upinzani mkali zaidi. Majarida yapatayo 15 yaliirudisha makala yake kabla haijachapishwa mwaka 1967. Alidai kwamba mitokondria, na kloroplasti za mimea zinazonasa nuru ya jua, zilikuwa bakteria huru waliomezwa na seli kubwa zama za kale wakabaki humo. DNA yao wenyewe, na ribosomu zao zinazofanana na za bakteria, vilimpa ushindi.

Nyuzi za Flemming, zilizobeba DNA ya Miescher, zilisomeka mwaka 1953. James Watson na Francis Crick wa Cambridge walipendekeza muundo wa ngazi pacha wa DNA wakitegemea, miongoni mwa mengine, picha za eksirei kutoka maabara ya Rosalind Franklin, na picha iliyo muhimu kuliko zote Watson alionyeshwa bila Franklin kujua. Franklin alifariki mwaka 1958; Nobel ikatolewa 1962. Miaka miwili kabla ya ugunduzi huo, hospitalini Baltimore, seli za saratani za Henrietta Lacks, mama Mmarekani Mweusi, zilichukuliwa bila ridhaa yake. Ndizo seli za kwanza za binadamu kuzaliana maabarani bila kikomo. Mwenyewe alikufa Oktoba 1951, na familia yake ilikaa takriban miaka 20 bila kujua kwamba seli zake zinauzwa na kusafirishwa duniani.

Afrika Mashariki iliingia tena katika historia hii kupitia hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1958 Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland, alieleza uvimbe wa taya unaowapata watoto. Anthony Epstein wa London alimsikiliza akitoa mhadhara mwaka 1961, akashuku kuna kirusi, na kuanzia hapo akawa akipokea vipande vya uvimbe kwa ndege. Miaka miwili hakuona kitu. Desemba 1963 ukungu uliilazimisha ndege kutua Manchester, na kifurushi kilipofika jioni majimaji yake yalikuwa yamechafuka, dalili ya kuingia bakteria. Wengine wangeyamwaga. Epstein aliweka tone chini ya hadubini ya kawaida, akakuta uchafu ule ni seli za uvimbe zinazoelea, zikiwa hai. Zikaoteshwa, zikatazamwa kwa elektroni, na mwaka 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Zama zote hizo hukutana katika ugonjwa wa selimundu. Mwaka 1910 James Herrick wa Chicago alieleza seli nyekundu zilizopinda kama mundu. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba hitilafu iko katika himoglobini. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwa utafiti wa Afrika Mashariki kwamba aliyerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu hukingwa kiasi dhidi ya malaria. Na miaka miwili baadaye Vernon Ingram alikuta tofauti yote ni asidi amino moja. Oksijeni inapopungua, himoglobini hiyo hushikamana ikawa vijiti, vijiti huipinda seli, na seli zilizopinda huziba vishipa. Seli nyekundu ya kawaida huishi takriban siku 120. Hii huishi 10 hadi 20. Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha tiba inayohariri jeni ndani ya seli za uboho wa mgonjwa mwenyewe, na mwezi uliofuata Marekani ikafuata, kwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja.

Tanzania, Uganda na Kongo ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na ugonjwa huu. Huko tiba ni haidroksiyurea, pale inapopatikana, pamoja na foliki asidi, penisilini na kinga ya malaria. Kipimo kinachotumika katika hospitali nyingi za wilaya ni tone la damu lililofunikwa kwa kioo pamoja na kemikali inayoondoa oksijeni, likatazamwa kwa hadubini ya nuru. Kipimo hicho huonyesha kwamba seli zinapinda. Hakionyeshi kama mtoto amerithi jeni kwa mzazi mmoja au kwa wote wawili, yaani kama ni mbebaji tu au ni mgonjwa. Kwa hilo damu inapaswa kupelekwa kwenye maabara kubwa zaidi, ambako himoglobini hutenganishwa kwa umeme.